Kofia ya Baba na Rauta ya Pili

Baba yangu, mwenye boma na mwenye sauti,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kile kiti chako cha kamba ambacho hakuna mtu aliyeruhusiwa kukigusa, na tangu niketi nimeangalia mlangoni mara kadhaa kuhakikisha huji. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichogombania nyumbani. Wewe ulikuwa Mjaluo wa Suna, mama Mkuria kutoka kule mpakani, na hakuna kati yenu aliyekubali kushindwa maneno katika lugha ya mwenzake. Kiswahili chako kilikuwa cha soko la ng'ombe, cha mama kilikuwa cha soko la mahindi, na mimi niliyeishi Mombasa, nikalala Tanga na kula matoke Kampala, ndiye niliyekuwa na Kiswahili cha watu. Nilipowasahihisha mlinitazama, halafu mkaniambia ng'ombe wamekwenda mtoni bila mtu.

Swali lako kwangu lilikuwa moja, na uliliuliza mbele ya wageni ili liniume vizuri: "Hii kazi yako, ukiimaliza, mtu anaona nini?" Ouma mdogo wangu akichimba dhahabu Masara, mtu anaona shimo. Wewe ukilima, mtu anaona shamba limepinduliwa. Mimi nikishinda siku nzima na nyaya zangu za kompyuta mtu haoni kitu, na nikiwa nimefanya vizuri sana ndipo haoni kabisa. Nilijaribu kukueleza, ukasinzia. Nikajaribu tena, ukaniuliza kama nimekula. Mara moja tu ulinielewa, na mara hiyo ilitulisha sote msimu mzima. Hiyo ndiyo ninayotaka tuikumbuke leo mbele za watu, maana ni fahari yangu, na unajua sijui kula fahari peke yangu.

Kwa wasomaji wasionijua, ambao siamini kama wapo: mimi na shule tuliachana kidato cha pili, kwa amani, kila mmoja akamtakia mwenzake heri. Waya nilijifunza Mombasa kwa kumbebea ngazi fundi wa simu za hoteli. Niliporudi Migori, miaka ile ya tisini ikielekea mwishoni, hospitali ya misheni ilikuwa imepewa kompyuta na wafadhili, na Sista Redempta, mkuu wa pale, alitafuta mtu wa kuziunganisha.

"Unaujua mtandao?" akaniuliza.

"Sista, mimi na mtandao tumelala kitanda kimoja."

Si neno la kumwambia mtawa, lakini kazi nilipata. Haikuchukua muda kompyuta ya wodi ya akina mama ikawa inazungumza na ya ofisini, na ya famasi inazungumza kwa laini ya simu na ghala la dawa la misheni kule Homa Bay. Dawa zikipungua Migori mfamasia anaandika, Homa Bay wanasoma, gari la asubuhi linaleta. Toka Migori mpaka Kendu Bay hakukuwa na mwingine wa kufanya hivyo. Kama alikuwepo, alijificha.

Sasa tuje kwa kikohozi chako.

Kile cha alfajiri. Hakikuwa cha ugonjwa, kilikuwa cha utawala. Ulitoka mlangoni kwako, ukasimama, ukakohoa kile kirefu chenye mkia, na boma lote likaanza kazi: ng'ombe wanainuka zizini, mama anasukuma kuni jikoni, na mimi, kama niko nyumbani, najifunika vizuri zaidi. Mama hakuwa na saa. Alikuwa na wewe.

Basi asubuhi moja, mvua ya kupanda ikiwa imeshaanza kunukia, kikohozi hakikuja. Mama alingoja kidogo ameshika ukuni mkononi. Halafu akautupa akaja mbio. Alikukuta umeketi ukingoni mwa kitanda, umeshika kinena, jasho linakutoka, na bado ukamwambia, "Ngoja, nakuja kukohoa." Ouma alitoka migodini na matope yake, akaomba pikapu ya jirani, na kabla jua halijapanda sana ulikuwa Migori mikononi mwa daktari. Henia, ile ngiri ya kinenani, ilikuwa imejifunga. Akakupasua siku hiyo hiyo, na ulipozinduka akakusomea sheria: usiinue kitu, usicheke, usikohoe kwa nguvu, na kelele usipige mpaka nyuzi zishike.

"Daktari," ukamwambia, "sasa umenibakishia nini? Si ungenizika tu."

Kitanda cha pili alilala Mzee Athumani, yule mtu wa pwani mwenye duka la nguo mjini, aliyevunjika mguu. "Mzee mwenzangu," akakwambia, "amekubakishia kula. Mimi sina kazi nyingine hapa, na naifanya kwa bidii."

Lakini kilichokuuma si kidonda. Lilikuwa shamba. Wasiotoka kwetu waelewe: katika boma letu hakuna aliyepasua ardhi kabla ya mwenye boma. Shamba lako lilitangulia, likafuata la Ouma, likafuata la mjane wa baba mdogo, na mwisho langu, ambalo mama alinilimia kwa huruma. Wewe usipoanza, sote tunakaa na mbegu kwenye debe tukitazama mawingu. Na wewe ulikuwa na ng'ombe wanne wa kulima, Rateng' na Rachar mbele, Silwal na Dibo nyuma, uliowafundisha mwenyewe kwa sauti yako na hukumruhusu mtu mwingine kuwasemesha. Fimbo hukutumia. Ulisema ng'ombe wako wana masikio kuliko watoto wako.

"Ouma alime," ukaamuru kutoka kitandani. "Nimemruhusu."

Ouma akafunga nira, akashika plau, akaita. Ng'ombe wanne wakasimama. Akabembeleza, akapiga mluzi, wakasimama. Sasa Ouma ni mtu wa mgodini, na mgodini jiwe likikataa wanaongeza wanaume. Akaenda kwa jirani akaazima jozi nyingine. Plau moja ikawa na ng'ombe sita, na wote sita wamesimama kama wageni waliofika harusini kabla ya bwana harusi. Wale wa jirani walikuwa tayari kwenda, lakini walifungwa nyuma ya wako. Waende wapi?

Mama alitazama hayo yote amekunja mikono. Mwisho akasema, "Nguvu ipo. Anayekosekana ni wa kuwaambia."

Na wa kuwaambia alikuwa yeye. Alikulia nyuma ya ng'ombe kwao, na maneno yako alikuwa ameyasikia kila msimu tangu aolewe. Lakini alikataa kugusa. Alimtuma Ouma kwangu na neno: "Siwezi kusimama mbele ya shamba la mume wangu aliye hai kama mjane. Anipe kofia yake. Watu wakiiona kichwani kwangu watajua ni yeye amesema."

Nikakuletea neno hilo wodini. Kofia yenyewe ulikuwa umeivaa kitandani, ile ya kahawia ya ukingo mpana yenye harufu ya zizi, na Sista Redempta alikuwa ameshashindwa kukuvua. Ukaishika kwa mikono miwili.

"Kofia ya mtu haivaliwi na mwingine mpaka azikwe," ukasema. "Mama yako analijua hilo. Mnataka nife?"

"Hakuna anayetaka ufe, Baba. Tunataka kulima."

"Basi mningoje nipone."

"Mvua haitangoja."

"Mimi nimeingoja miaka yangu yote. Nayo iningoje mara moja."

"Mzee," akasema Athumani kutoka kitandani kwake, "mvua haina adabu hiyo."

Ukageukia ukuta. Mimi nakujua, hicho hakikuwa kiburi chote. Uliogopa. Uliogopa kwamba ukiivua kofia haitarudi, na wewe pia hutarudi. Mtu aliyelala na tumbo lililoshonwa hana haja ya kujiitia balaa. Nikakuacha, nikaenda kazini kwangu, nikiwa nimebeba moyoni mbegu za watu wote wa nyumbani.

Na huko kazini, Mungu ana ucheshi kunishinda, na hilo si jambo rahisi.

Wewe mwenyewe ulikuwa umeiona kazi yangu kupitia dirisha la wodi. Uliniuliza kwa nini nimetandika nyaya mbili kutoka ofisini hadi wodi ya akina mama, na mmoja ungefika. Nikakujibu kwa lugha yako: ni ng'ombe wawili, Baba, nira moja. Nyaya ni mbili, lakini huku na kule zimeshikwa na visanduku vinavyozihesabu kuwa waya mmoja mnene. Ujumbe huu unapita huku, ule unapita kule. Si kwamba ujumbe mmoja unakimbia zaidi; ng'ombe wawili hawakimbii kumshinda mmoja. Ni kwamba jumbe nyingi zinapita pamoja bila kusukumana. Na waya mmoja ukianguka, mwenzake anavuta peke yake, polepole, kazi hailali. Tena hayo yalikuwa yameshatokea: mkata nyasi wa hospitali alikata waya mmoja kwa fyekeo akitengeneza ua, na hakuna muuguzi aliyejua mpaka nilipozunguka nikiwatangazia. Nilitembea na kile kipande cha waya mfukoni kama medali.

"Hiyo ni akili," ukasema. Uliikubali upesi kwa sababu ilikuwa dini yako: kazi ikizidi, ongeza ng'ombe.

Nilinenepa. Lakini kesho yake, baada ya wewe kugeukia ukuta, mjusi mpenda joto aliingia ndani ya rauta yangu. Rauta ni kile kisanduku cha mlangoni kinachoijua njia ya kutoka. Kompyuta ya hospitali ikitaka kupeleka neno Homa Bay haijui inapitia wapi. Inajua jina la mlango tu. Inalikabidhi neno mlangoni, na rauta inalipeleka. Mjusi akagusa pasipoguswa, akafa, na rauta ikafa naye. Mfamasia akaandika agizo la dawa, agizo likamrudia. Nyaya zangu mbili zilikuwa nzima, zimekaza, tayari kuvuta, na hazifiki popote.

Sista Redempta akaja na zile hatua zake. "Fundi, si uliniambia tukiwa na waya mbili hatutalala?"

"Waya hazijalala, Sista."

"Basi ongeza ya tatu."

Nilisimama na bisibisi mkononi, nikawaona wazi kabisa Ouma na ng'ombe wake sita. Nikacheka. Sista akadhani namcheka yeye, na ilinibidi nitumie Kiswahili changu chote cha Mombasa kurudisha amani. Nikamweleza kwamba wa kuvuta wapo. Aliyekufa ni wa kuwaambia.

Kule ghalani Homa Bay zilikuwepo rauta mbili za zamani kutoka kwa wafadhili, zikitumika kuzuia dirisha lisijifunge kwa upepo wa ziwa. Wakazituma kwa gari la dawa. Kila mtu alijua nitafunga moja na nyingine niirudishe dirishani kwake. Nikafunga zote mbili, ya kwanza kwenye laini ya famasi, ya pili kwenye laini ya simu ya padri, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuulizia matokeo ya mpira. Halafu nikazipa zote mbili jina moja la mlangoni. Kila rauta ina jina lake la kuzaliwa, lakini lipo na hili jingine, la mlango, ambalo kompyuta zote zinaliita. Anayeitika ni wa kwanza. Wa pili amekaa tu, hafanyi kitu, anasikiliza. Na yule wa kwanza, kila mara, anamtolea mwenzake sauti ndogo: nipo. Nipo. Nipo. Sauti hiyo ikikosekana, wa pili anangoja kidogo asije akawa na papara, halafu analichukua lile jina la mlangoni na kuitika mwenyewe. Kompyuta hazijui lolote. Zimeita jina lile lile, zimeitikiwa.

"Kwa hiyo huyu wa pili anakula umeme bure," Sista akasema.

"Bure kabisa, Sista, mpaka siku utakapomshukuru."

Tulikuwa tukisema hayo koridoni, na wewe uliketi kwenye benchi karibu, muuguzi akiwa amekutembeza hatua zako za kwanza. Nilidhani umesinzia kama kawaida. Ukasema bila kuniangalia:

"Kama kikohozi."

"Nini, Baba?"

"Hiyo nipo, nipo. Ni kikohozi changu. Na anayesikiliza ni mama yako."

Nakuapia, mimi ninayefikiria mambo yote kabla ya watu, hilo sikuwa nimelifikiria. "Ndiyo, Baba," nikasema, kana kwamba ndiko nilikokuwa nakupeleka tangu mwanzo.

Halafu ukaniuliza, na sauti yako ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Na yule wa kwanza akipona?"

"Akipona anasema nipo. Wa pili akimsikia anamrudishia jina, anarudi kukaa na kusikiliza."

"Bila vita?"

"Bila vita. Ila lazima awe ameambiwa tangu mwanzo mkubwa ni nani. Asipoambiwa anaweza kukaa na jina moja kwa moja."

"Nionyeshe."

Nikakushika mkono tukaingia ofisini. Mfamasia alikuwa anaandika agizo la Homa Bay. Nikachomoa umeme wa rauta ya kwanza, taa zake zikazimika. Kompyuta ilisita, mfamasia akaniangalia kwa chuki, halafu agizo likapita na Homa Bay wakajibu kwamba limefika. Nikarudisha umeme. Tukangoja rauta ya kwanza ijikusanye. Ikawaka, ikasema nipo, na ya pili ikanyamaza kama mtu aliyeachia kiti.

"Zima tena," ukasema.

Nikazima tena. Uliinama, jambo ulilokatazwa, ukamtazama wa pili akishika kazi na wa kwanza akirudi.

"Tena."

"Wazee," akasema Sista Redempta, "mkizima tena nitawazima nyinyi."

Mzee Athumani alikuwa amejisukuma kwa kiti cha magurudumu kuja kuona kuna nini. Alitazama taa zile, akapapasa shingoni, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba. "Duka langu lina milango miwili ya chuma," akasema. "Nilidhani nimejipanga. Kumbe ufunguo ni mmoja, ninalala nao hapa, na mke wangu anapita nje ya duka kila siku akiangalia kufuli." Jioni hiyo mkewe alipoleta chakula aliondoka na ufunguo.

Na wewe, Baba, ulivua kofia. Hukutoa hotuba. Ulinisukumia kifuani kama unanipa mzigo wa mtu mwingine. "Mwambie ni ya kuazima," ukasema. "Na asiifue."

Kichwa chako kilikuwa kidogo bila kofia ile. Sikuwahi kujua.

Niliifikisha nyumbani nimeibeba kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi. Mama akaivaa juu ya kitambaa chake, ikamfika kwenye nyusi. Watu walikuwa wamejaa ukingoni mwa shamba: mjane wa baba mdogo, majirani, hata mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kukujulia hali. Walipoiona kofia hakuna aliyenung'unika. Ouma akawarudisha ng'ombe wa jirani, akawafunga wanne peke yao, akashika plau. Mama akasimama pale unaposimama wewe, akakohoa.

Baba, wote wanne waliinua vichwa.

"Rateng'," akaita kwa sauti nene. "Rachar. Twendeni, wazee wangu."

Wakakaza shingo, mnyororo ukanyooka, wakangoja. Mama akaita tena. Wakangoja. Na sisi tuliokujua tulijua kinachokosekana. Hukuwahi kuwaondoa ng'ombe hao bila lile neno lako, ulilolitunga mwaka ule ulipokosana na mjomba alipokuja kusaidia kulima na kukaa kivulini, ukalisema kila msimu tangu hapo, hata mlipopatana. Mama alijaribu kulikwepa. Akamtazama kaka yake. Akatazama mawingu.

"Rateng'," akasema kwa nguvu zake zote, "mbona umesimama kama shemeji yangu aliyeonyeshwa jembe?"

Plau iliruka, Ouma nusura aanguke.

"Dada," mjomba akasema, "hata wewe?"

Mama hakugeuka. Alikuwa anatembea sambamba na Silwal, kofia imemziba uso nusu. "Si mimi ninayesema," akamjibu. "Huoni kofia?"

Alilisema neno hilo kila walipogeuka mwisho wa shamba, na kufikia mchana mjomba alikuwa ameshaanza kulisema pamoja naye. Shamba lako likaisha. Likafuata la Ouma, likafuata la mjane, na mvua ilitukuta tukiwa kwenye kona ya langu. Tulisimama tukalowa kwa makusudi. Sijawahi kufurahi kulowa namna ile, na mimi nimelowa katika nchi tatu.

Nikarudi wodini na matope mpaka magotini, nikakueleza yote. Ulisikiliza macho yako yakiwa darini.

"Kwa hiyo hawakunitafuta," ukasema.

Sikulitegemea hilo. Nilidhani utauliza kina cha plau. "Dibo aligeuka," nikakwambia. "Kabla hawajaondoka, aligeuka akatazama njia ya Migori."

"Dibo?"

"Dibo."

"Yule ana moyo," ukasema. Kisha ukauliza: "Na mama yako, alilisema lile neno?"

"Mjomba akiwa pale pale."

Ulianza kutikisika. Ukashika tumbo kwa mikono yote miwili, machozi yakakutoka, Athumani akaanza kucheka kwa sababu wewe unacheka, na Sista Redempta akaja mbio na muuguzi wakidhani nyuzi zimefumuka. Hazikufumuka. Ulipotulia ulivuta pumzi ndefu, nikaiona ikishuka mpaka miguuni.

"Basi ngoja nilale," ukasema. Ukalala kweli, kwa mara ya kwanza tangu uje, kichwa wazi, mdomo wazi.

Uliporudi nyumbani mama alikungoja langoni na kofia mkononi. Alikupa kabla hujaomba. Kesho yake alfajiri ulikohoa, kidogo tu kwa ajili ya kidonda, ng'ombe wakainuka, na mama akasukuma kuni jikoni. Bila vita. Nilijifunika vizuri zaidi.

Tangu hapo watu wengi wameniuliza kipi bora, nyaya zilizofungwa pamoja au rauta ya pili, na nimewajibu kuanzia Migori hadi Kosele, wengine bila kuniuliza. Nawaambia ng'ombe wengi ni dawa ya mzigo. Kamba moja ikikatika watakusaidia, na mvutaji mmoja akichechemea watakusaidia. Lakini siku anayewaita akinyamaza, hata ukifunga mia watasimama. Siku hiyo unahitaji mtu aliyekuwa amekaa bure akisikiliza, anayelijua jina la mlangoni. Weka vyote viwili ukiweza. Ukilazimika kuchagua, jiulize unaogopa nini zaidi, uzito au ukimya.

Wewe ulikwenda mazima ukiwa mzee kamili, usingizini, baada ya kula samaki wa Kendu Bay na kulalamika kwamba ni mdogo. Nilikuwa nyumbani alfajiri ile. Kikohozi hakikuja. Nilimsikia mama akingoja. Halafu nikasikia mlango, hatua zake zikatoka mpaka pale unaposimama, na akakohoa, kile kirefu chenye mkia. Ng'ombe wakainuka wote. Ndipo akarudi ndani, akalia.

Nilidhani nyumba itasimama kama wale ng'ombe, Baba. Nakuambia ukweli wangu: niliogopa kama ulivyoogopa wewe pale wodini, na miaka yote hiyo sikujua nimebeba woga huo mpaka mama alipokohoa nikausikia unanishuka. Haikusimama. Sasa kofia ni ya mama kwa haki, wala hajaifua. Ng'ombe si wale tena, lakini kuna Rateng' mwingine na kuna Dibo mwingine, na lile neno la shemeji linasemwa kila msimu, mjomba akilidai mwenyewe likisahaulika. Mgeni akipiga hodi langoni akauliza, "Hapa ni kwa Mzee?" tunamjibu, "Ni hapa, karibu," na hakuna anayeona haja ya kumweleza zaidi.

Na mimi nimehamia nyumbani. Nyaya zangu bado nazivuta mjini, lakini silali mbali. Nyumba yangu ukuta wake unatazamana na wa mama, na kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza, niko macho nimenyamaza. Ukiniona utasema sifanyi kitu. Nasikiliza.

Leo amekohoa. Pumzika, mwenye boma.

Mwanao mkubwa,
yule ambaye kazi yake mtu haioni